Mzito wa Nyuzi Nne na Fomu Niliyoijaza Mimi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mpiga besi wa bendi ya redio yetu atachomoa waya wa gitaa lake kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi, baada ya kazi ya miaka ishirini na saba na miezi mitano. Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Ni Mzito. Si kwa sababu ya mwili, maana ni mwembamba kiasi kwamba mkanda wake wa suruali ameutoboa matundu ya ziada kwa msumari. Ni kwa sababu ya sauti anayoitoa kwenye zile nyuzi nne.

Niliyepewa kazi ya kumwandika ni mimi, fundi mitambo wa Studio ya Pili, yule mzee ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kugombana naye kuhusu vikombe vya chai juu ya meza ya mitambo. Mzito ananiita Bwana Mitambo. Tumekaa pande mbili za kioo kimoja kwa miaka ishirini na miwili, yeye upande wa ala, mimi upande wa vitufe, na nathubutu kusema nimemtazama mtu huyu kuliko alivyotazamwa na mkewe. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, nilimwambia hivyo akacheka, akasema nimchukue kabisa.

Nitaandika mazuri yake, na ni mengi. Lakini ndani ya wasifu huu kuna jambo moja langu ambalo si zuri. Nimelikalia miaka kumi na moja, na limewafanya watu wawili wanaofanya kazi chumba kimoja wasisalimiane. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi amenishauri nilitoe, ati hii ni sherehe. Nimekataa. Kwa utaratibu wetu, wasifu hauchapishwi mpaka mstaafu mwenyewe ausome na kutia sahihi, kwa hiyo Mzito atalisoma kabla yenu. Akisema litoke, litatoka, nanyi mtapata kurasa mbili za sifa tupu. Naandika haya Jumatatu. Sijui atasema nini.

Tuanze na kazi yenyewe.

Mzito hakuajiriwa kupiga besi. Aliletwa kutengeneza taa za korido zilizokuwa zikiwaka na kuzimika zenyewe. Siku ya tatu ya kazi hiyo, mpiga besi wa wakati ule aliaga kwamba anakwenda msalani, na kumbe alikuwa amepata kazi ya bendi ya melini. Hakurudi. Zilibaki dakika arobaini kabla ya kipindi cha moja kwa moja, na kiongozi wa bendi alikuwa anazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Fundi taa akashuka ngazini, akajipangusa mikono, akauliza kama anaweza kujaribu, maana alikuwa akipiga kwenye kwaya ya mtaani kwao. Alipiga kipindi kizima akiwa na bisibisi mfuko wa nyuma. Taa za korido, kwa taarifa yenu, hazijatengemaa mpaka leo.

Kuanzia hapo alipiga kila kitu, kwa sababu bendi ya redio haichagui. Asubuhi ni nyimbo za injili, mchana ni rumba, jioni ni chochote ambacho msikilizaji ameomba. Sisi tuliodhani besi ni ile ngurumo tu ya nyuma tulifundishwa adabu polepole. Kwenye roki, alituambia, besi inamfuata mpiga gitaa unyo kwa unyo, na kazi yake ni kumfanya mwenzake aonekane mkubwa. Kwenye jazi inatembea, sauti moja kila pigo, haikai chini hata kidogo, na ikisimama tu kila mtu anapotea njia. Kwenye injili inawashika wanakwaya kwa chini wasije wakaanza wimbo mahali pamoja na kuumalizia pengine. Disko ni kuruka chini juu, chini juu, mpaka mkono upate ganzi. Kwenye fanki unaupiga uzi kwa kidole gumba kana kwamba umekukosea. Rumba ndiyo iliyomtoa machozi ya raha: humo, alisema, ufundi wote uko pale ambapo hugusi uzi, unaacha pengo, mchezaji anaingiza kiuno. Na rege, basi tena. Kwenye rege besi ndiyo inayoimba, na sisi wengine wote, mwimbaji akiwemo, tunaitikia.

Kiashirio cha taarifa ya habari mnachokisikia kila saa ni chake. Sauti nne tu. Alizitunga akiwa amesimama kwenye foleni ya kupima macho. Amefundisha wapiga besi tisa, wanane wako kwenye bendi kubwa na wa tisa ni daktari wa meno ambaye anasema mkono wake haujawahi kutetemeka. Hajachelewa kazini isipokuwa mara moja, na siku hiyo ni mimi niliyemfungia nje kwa bahati mbaya.

Sasa nimtaje mpiga kinanda wetu, mama mnayemjua kwa jina la Vidole. Aliingia bendini mwaka mmoja baada ya Mzito. Wale wawili walikuwa kaka na dada. Walikula chakula cha mchana kutoka chombo kimoja, wakigombania kile kipande cha chini kilichoungua. Mkewe Mzito alimshonea Vidole magauni yote ya jukwaani. Na binti wa mwisho wa Mzito alipozaliwa, hapakuwa na kikao wala majadiliano: alipewa jina la Vidole, jina lake halisi, wakawa somo. Vidole alitembea studio nzima akimwonyesha kila mtu picha ya kitoto kilichokunja ngumi, akisema tazameni, hii ngumi ni ya kinanda.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mkurugenzi mpya wa vipindi. Hakuwa mtu mbaya, mseme mtakavyo. Alikuwa mtu wa fomu. Ikaja fomu ya ukaguzi wa ala: kila ala inayopita kwenye mitambo ya Studio ya Pili iandikwe kama inasikika au haisikiki kwenye redio ya msikilizaji wa kawaida. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo. Mtu yeyote wa Studio ya Pili aliweza kuijaza, na hapakuwa na nafasi ya jina la mtu, ila jina la chumba tu.

Lazima niwaeleze tunavyofanya kazi, la sivyo mtanihukumu haraka kuliko ninavyostahili. Juu ya meza yangu kuna spika kubwa mbili za maana, na kando yake kuna kispika kidogo kama kopo la dawa ya viatu. Hicho kidogo ndicho bosi. Aliyenifundisha kazi aliniambia wasikilizaji wetu wana redio ndogo za jikoni na za dukani, kwa hiyo kila wimbo lazima nimalizie kuusikiliza pale. Kinachosikika pale kinasikika popote. Na kila fundi anajua kwamba kispika kidogo hakina uwezo wa kutoa sauti za chini. Besi ikifika pale inafia mlangoni.

Nilijaza fomu ile saa tano asubuhi, kipindi kikikaribia, simu ikilia. Ala ya kwanza, inasikika. Ya pili, inasikika. Ya tatu, inasikika. Ya nne, besi, nikasikiliza kwenye kile kikopo, nikaandika: haisikiki. Na ni kweli ilikuwa haisikiki! Ila pale kwenye nafasi ya maelezo ningeandika mstari mmoja tu, kwamba haisikiki kwenye spika ndogo lakini ikitoka wimbo unalegea kama nguo iliyokatika mpira. Ningeandika hivyo mambo yangeishia hapo. Niliacha wazi nikaenda kwenye kipindi.

Wiki mbili baadaye barua ikabandikwa ubaoni. Nafasi ya mpiga besi inapendekezwa kufutwa, kwa kuwa, kwa maelezo ya Studio ya Pili yenyewe, ala hiyo haisikiki. Kazi yake itafanywa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Mzito aliisoma barua ile mara tatu. Nilikuwa nyuma yake. Studio ya Pili tulikuwa watu sita, na mmoja wetu alikuwa amemchongea. Na siku ileile ya barua, Vidole alikuwa ameitwa ofisini kwa mkurugenzi, akatoka na karatasi za kufanyia mazoezi ya mkono wa kushoto. Kumbe alikuwa ameamriwa, hakuombwa rai. Lakini Mzito aliunganisha hili na lile, akapata jibu lake. Akamuuliza mbele yetu sote kama ni yeye aliyeandika. Vidole akasema si yeye. Mzito akamwambia aape kwa somo yake. Vidole uso ukamshuka, akasema mimi siapi kwa mtoto, na kama unaniona mtu wa namna hiyo, Kaka, basi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Niliogopa, nikajifanya nakaza skrubu ya kipaza sauti.

Kiongozi wa bendi alipigania jambo lile mpaka mkurugenzi akakubali jaribio. Alhamisi, saa nane mchana, kipindi cha moja kwa moja cha saa nzima, nyimbo saba za mitindo saba. Katikati ya kila wimbo Mzito ataacha kupiga na mkono wa kushoto wa Vidole utashika kazi. Kwenye chumba cha mikutano watakaa wasikilizaji watano: mkurugenzi mwenyewe, mhasibu, dereva, dada wa mapokezi na mama wa usafi. Kila mmoja ataandika kama amehisi wimbo umebadilika, na wapi. Nyimbo saba kwa watu watano ni majibu thelathini na matano. Yakipatikana majibu sahihi kumi na manane, besi inabaki. Yakipungua, Mzito anarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Na wangesikiliza kwa redio gani? Ile ndogo ya dirishani kwa dada wa mapokezi. Mkurugenzi alisema hiyo ndiyo redio ya msikilizaji wa kawaida. Nilibeba spika kubwa mpaka mlangoni pa chumba cha mikutano, nikarudishwa nayo.

Siku hiyo Studio ya Pili hapakuwa na utani. Mzito alivaa shati jeupe. Vidole alikaa kwenye kinanda akinyoosha mkono wa kushoto vidole kimoja kimoja, hatazami mtu. Mimi nilikuwa na simu ya ndani, na upande wa pili alikuwa katibu muhtasi aliyekuwa anakusanya karatasi, mtu wetu, ambaye alinong'ona hesabu baada ya kila wimbo. Kwa hiyo katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua mambo yanakwendaje, na sikuruhusiwa kusema.

Wimbo wa kwanza, roki. Majibu sahihi: sifuri. Besi ilitoka, gitaa likaendelea kupiga kelele, na wale watano wakaendelea kutikisa miguu. Wa pili, injili, wawili waligundua, na mmoja wao ni mama wa usafi, ambaye ni mwanakwaya. Wa tatu, disko, wanne, kwa sababu mkono wa Vidole ulichoka kurukaruka na kila mtu akasikia umechoka. Jumla sita. Wa nne, jazi, mmoja tu. Vidole ni hodari wa jazi, mkono wake wa kushoto ulitembea vizuri kiasi kwamba hata mimi nilimwonea fahari, kisha nikakumbuka ninachokifurahia. Jumla saba, na nyimbo tatu zimebaki.

Wa tano ulikuwa rumba. Mzito alipiga kama mtu anayeaga, anagusa, anaacha, anagusa. Alipotoka, mkono wa kushoto ukaingia na kujaza yale mapengo yote. Haukuwa na kosa hata moja, ila hapakuwa tena na mahali pa kuweka kiuno. Wote watano waliandika. Dereva, niliambiwa, aliandika kwa herufi kubwa: HAPA MMEHARIBU. Jumla kumi na mbili. Wa sita, fanki, watatu. Jumla kumi na tano.

Umebaki mmoja. Tunahitaji watatu kati ya watano. Na wimbo uliobaki ni rege.

Mwingine angeshangilia. Mimi nilikufa ganzi. Besi ya rege iko chini kabisa, chini kuliko mitindo yote, na ile redio ya dirishani isingetoa hata chembe yake. Wimbo wenyewe, ile sehemu inayoimba, ungefia mlangoni, na wale watano wangesikia tu gitaa likicheua na sahani za dramu. Besi ingetoka na wasingejua kwamba ilikuwepo.

Kabla ya wimbo wa saba kulikuwa na muhtasari wa habari wa dakika tatu. Niliacha mitambo, jambo ambalo sijawahi kulifanya wala sitalifanya tena, nikaingia studio kama mtu anayebadilisha waya. Nikapiga magoti miguuni kwa Mzito. Nikamwambia kwa chini kwamba kwenye redio ile chini hakuna kitu kabisa, apande juu ya shingo ya gitaa kwenye sauti nyembamba, apigie karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, kwa kucha, hata kama ni dhambi. Alinitazama. Kupiga rege huko juu ni kama kuvaa viatu kichwani, na yeye ni mtu wa heshima kwenye hayo mambo. Dakika ya tatu ikaisha nikiwa bado nakimbilia kiti changu.

Alipanda. Alipiga rege ile juu kabisa, kavu, kila sauti ikitoka kama mtu anayegonga meza. Kwenye spika zangu kubwa ilikuwa mbaya kweli. Kwenye kile kikopo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliisikia besi ikiimba. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Kisha akainua mkono kutoka kwenye nyuzi, na Vidole akaingia kwa chini, mahali pake sahihi, kama karatasi yake ilivyosema. Wimbo ukatoweka. Zilibaki sahani na gitaa.

Simu ikalia. Katibu muhtasi hakunong'ona, alipiga kelele. Wote watano! Jumla ishirini.

Mpiga dramu alilia. Mkurugenzi alitimiza neno lake siku hiyohiyo, barua ikabanduliwa ubaoni. Mzito alinikumbatia mbele ya kila mtu, akasema kama si Bwana Mitambo leo mimi si mtu wa kazi. Watu wakapiga makofi. Nikapigiwa makofi, ndugu zangu, mimi niliyeijaza ile fomu. Ningesema nini hapo? Ningesema mengi tu. Sikusema. Ukishapigiwa makofi, kumwaga mtama kunakuwa kugumu mara mia.

Tangu siku hiyo, kila mwaka tarehe ileile, Mzito ameniletea mfuko wa machungwa. Mifuko kumi na mmoja. Nimeyala yote, mimi na wanangu.

Na tangu siku hiyo hajamsalimia Vidole. Wanapiga pamoja kila siku, kwa ufundi mtupu, wimbo ukiisha kila mtu anampa mwenzake kisogo. Mkewe ameendelea kumshonea Vidole magauni, lakini yanachukuliwa dukani kwa jirani. Kile chombo cha chakula cha pamoja sijui kiko wapi. Na yule binti, somo yake, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, baba yake hajamwita kwa jina kwa muda wote huo. Anamwita Mama, au Mdogo, au anapiga mluzi tu.

Wiki iliyopita nilikaa na Mzito kukusanya habari za wasifu huu. Aliniambia mambo mawili ambayo ni lazima yaandikwe. La kwanza, shukrani za pekee kwa Bwana Mitambo. La pili, kwamba siku ya sherehe Vidole asiwekwe meza yake. Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliandika la kwanza, mkono ukagoma kwenye la pili.

Kwa hiyo, Mzito, ni mimi. Ile fomu niliijaza mimi. Vidole hakuijua, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unatii amri kama wa mtumishi yeyote. Kesho asubuhi saa tatu utapata bahasha hii.

Naongeza haya Ijumaa.

Jumanne nilimpa bahasha mkononi. Jumatano alipita korido kama sipo. Mchana tulikuwa na kipindi, na kwa kawaida kabla ya wimbo kuanza yeye hutazama kioo kungoja ishara yangu. Hakutazama. Aliingia kwa kusikiliza dramu tu, na aliingia sawasawa, jambo lililoniumiza zaidi. Jumatano hiyo sikula. Mke wangu aliuliza kama ni malaria, nikamwambia ingekuwa nafuu.

Alhamisi saa nne bahasha ilikuwa juu ya meza yangu, kando ya kile kispika. Sahihi ipo. Hakufuta aya hata moja. Kuna masahihisho mawili kwa kalamu nyekundu. La kwanza linahusu daktari wa meno, kwamba siye mwanafunzi wa tisa bali wa saba, na nikiandika wa tisa atakasirika. La pili ni pale mliposoma kwamba niliogopa, nikajifanya nakaza skrubu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba nilighafilika. Amelikata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: uliogopa. Nimelirekebisha. Daktari nimemwacha makusudi, akasirike.

Saa nane kulikuwa na mazoezi ya sherehe. Mzito aliingia na karatasi hizi mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye kinanda, akampa Vidole. Vidole akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma akiwa amesimama. Vipaza sauti vyao vyote viwili vilikuwa wazi, na kwenye meza yangu kulikuwa na vitufe viwili vya kusukuma kidogo tu, ningesikia kila kitu. Kazi yangu ni kusikia, nimeifanya maisha yangu yote. Nilitoa mikono mezani, nikaikalia mikono hiyo isije ikavigusa.

Kwa hiyo nitawaambia nilichoona tu. Vidole alisoma mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Akazungumza, na alizungumza kwa muda mrefu, akimnyooshea Mzito karatasi kifuani. Mzito alikuwa anatazama sakafu. Kisha Mzito akasema kitu kifupi. Vidole akakaa kwenye kiti cha kinanda na kujifunika uso kwa mikono yote miwili, na Mzito akachuchumaa mbele yake, mzee wa watu na magoti yake mabovu, akabaki hapo. Mpiga dramu alitoka nje bila kuambiwa. Walikaa hivyo mpaka nikaona aibu kutazama, nikageukia ukutani.

Baadaye Mzito aliingia chumba cha mitambo. Hakukaa. Alisema, "Mifuko kumi na mmoja, Bwana Mitambo." Akasema kumnyima mtu salamu miaka yote ile ni kosa lake mwenyewe, hakulazimishwa na fomu, na hilo atalibeba. "Lakini la kunyamaza ni lako. Usinigawie." Kisha akaniagiza Vidole awekwe meza yake, kiti cha kulia, na akatoka.

Jana jioni mkewe alinipigia simu. Alinisema kwanza, na alinisema vizuri, neno shemeji likatumika mara moja tu, mwanzoni. Halafu sauti ikambadilika. Akasema mumewe alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na gitaa mgongoni, akamwita binti yake kwa jina. Binti alikuwa jikoni na hakuitika. Akaita tena. Binti akamwambia mama yake kwamba baba ana mgeni, anamwita mtu.

Hilo ndilo nililolifanya. Vidole, naomba unisamehe, na usiniharakishie. Mzito, naomba unisamehe, na wewe pia.

Kwa niaba ya bendi, mafundi, watangazaji na kila aliyewahi kutikisa mguu bila kujua nani anautikisa, asante kwa miaka ishirini na saba na miezi mitano. Umetushika kwa chini tusianguke, na wengi wetu hatukujua ni wewe. Tunakuombea afya, magoti yenye nafuu, na asubuhi ndefu zisizo na kipindi cha saa mbili. Nimesikia kwamba kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, utakuwa nyumbani kwa Vidole na gitaa lako, mkipiga mnachotaka bila mtu wa kuwahesabia dakika. Mimi sijaalikwa, na ni haki yenu. Ila Jumamosi mchana huwa sina kazi, na nikiitwa kubeba spika nitakuja.